Saumu ya Mwalimu Salome

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye arobaini ya jirani yetu mmoja hapa Kilole, Korogwe. Mimi si mtu wa kukaa mbele kwenye shughuli. Huwa najitafutia kona karibu na wapishi, maana huko ndiko umbea unakopikwa pamoja na pilau. Jua lilikuwa kali, nikaomba maji. Binti mmoja akataka kunipa ya chupa, mama mwenye nyumba akamzuia: "Mpe ya mtungini, huyo ni mtu wa zamani mwenzangu." Kikombe kikaletwa. Kabla hakijafika mdomoni nikasikia harufu ya moshi, ubani na udongo uliolowa. Aliyeufukiza mtungi ule aliufukiza kama alivyokuwa akifanya Bibi yangu, na mimi nilikuwa sijayaonja maji ya namna hiyo tangu Bibi azikwe. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, machozi yakanitoka. Wenzangu wakadhani namlilia marehemu, wakaanza kunipiga mgongoni pole pole. Niliwaacha wadhani hivyo. Ningewaambia kwamba namlilia mwalimu wangu wa darasa la tatu na choo cha shimo, wangeniona nimechanganyikiwa.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, katika kijiji kimoja cha upande wa Handeni, huko ambako barabara ikichoka inageuka kuwa njia ya ng'ombe. Yeyote aliyezaliwa Handeni akawahi kusafiri analijua jambo hili: ukifika mji wa watu ukasema umetoka Handeni, mtu anasogea nyuma kidogo, kisha anacheka, kisha anakuuliza kama unayo dawa ya mapenzi. Sifa ya uganga ilitutangulia kila mahali. Wako walioifanya biashara, na wako walioichukia. Bibi aliichukia. Yeye alikuwa na sala zake tano, saumu zake za Jumatatu na Alhamisi, shamba lake la mahindi na mbaazi, na hasira moja kubwa: mtu kukataa kula au kunywa kwake. "Ameona nini kwenye chungu changu?" angeuliza, na angeendelea kuuliza mpaka mgeni huyo asahaulike na kila mtu isipokuwa yeye.

Kwa sababu ya sifa hiyo mbaya, kijijini kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyefundishwa ila wote tuliijua. Mwenyeji akikupa kitu cha kunywa, hukionja kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho yako. Anapiga funda moja, anafuta mdomo, anakukabidhi. Hakuna anayetaja neno sumu wala uchawi. Ukishaonjewa, kukataa ni tusi. Na maji yenyewe hayakuwa ya mchezo. Kiangazi kikikomaa wanawake waliondoka alfajiri kwenda lamboni, wakarudi jua limepanda, na walichobeba kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Bibi aliyachuja kwa kipande cha kanga, akayachemsha, akayaacha yatulie, ndipo akayamimina kwenye mtungi alioufukiza. Mtu akikupa kikombe cha maji kwetu, alikuwa amekupa miguu yake na kuni zake.

Basi katika kijiji cha namna hiyo ndimo alimoletwa Mwalimu Salome.

Alitoka milimani, ukishapita Mombo ukapanda Lushoto ukaendelea mbele zaidi, huko ambako sisi tulisikia kwamba maji yanatiririka tu ovyo, hayana mwenyewe. Alikuwa Mshambaa, Mkristo, msichana bado, na siku ya kwanza alifika amevaa sweta. Joto la kwetu lilimvua sweta hiyo kabla ya kengele ya mapumziko. Shule ilikuwa na Mwalimu Mkuu, na mwalimu mwingine mzee wa darasa la saba, wote wanaume. Nyumba ya walimu upepo ulishaichukua paa, kwa hiyo Mwalimu Salome alipanga chumba huko senta, kwenye maduka, mbali, akawa anatembea asubuhi na jioni akiwa amebeba viatu mkononi ili visiishe.

Mimi nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa sijui kusoma. Nalisema hili bila aibu kwa sababu tulikuwa wengi. Tulijifunza kufumbua na kufumba midomo pamoja na wanaojua, kama watu wasiojua wimbo wa msibani. Mwalimu Salome aliligundua hilo wiki ile ile ya kwanza. Alinisimamisha ubaoni, na ubao wetu ulikuwa ukuta tu, uliopakwa masizi na majani ya kisamvu kila Ijumaa, akanipa chaki akasema, "Andika jina la Bibi yako." Sikuweza. Hakunipiga. Aliushika mkono wangu tukaliandika pamoja, akaniambia hilo jina sasa ni langu, hakuna wa kuninyang'anya. Mkono wake ulikuwa na vumbi la chaki na harufu ya sabuni ya mche. Kuanzia siku ile nilimpenda kwa upendo ule wa utotoni unaoumiza tumbo.

Saa ya kwanza ya asubuhi alikuwa moto. Mikono yake ilisema kabla ya mdomo. Alikuwa na namna ya kutamka silabi huku akipiga hatua, "ka, ke, ki," mpaka darasa zima likawa linayumba, na mbuzi waliozoea kuingia kwa mlango uliokosa ubao walisimama nje wakitusikiliza. Lakini jua lilivyopanda, yeye alishuka. Kufikia mapumziko sauti ilikuwa imekwaruza. Saa za mchana aliandika ubaoni akatuambia tunakili, kisha akaenda kuegemea dirisha, paji la uso kwenye nguzo, macho kwenye shamba kuukuu la mkonge lililokuwa nyuma ya shule. Midomo yake ilikuwa mikavu na myeupe kingoni. Kengele ya mwisho ikilia, aliondoka haraka bila kugeuka, tukimpigia kelele za kwaheri. Na kila mwezi kulikuwa na siku ambazo hakuja kabisa. Mwalimu Mkuu alikuwa akiingia darasani kwetu akinung'unika, "Huyu mwalimu ana homa zisizokosa tarehe."

Bibi alikuwa amejitolea maji ya kunywa ya mwalimu wetu. Watoto wengine walileta vidumu vya maji ya kufagilia na kumwagilia miche. Mimi nilikabidhiwa kidumu kidogo cha manjano chenye maji ya mtungini, yaliyochujwa, yanayonukia ubani, nikawa nakibeba kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mwalimu Salome alikipokea kwa mikono yote miwili. "Ahsante mwanangu, mwambie Bibi nimeshukuru sana." Alikiweka dirishani. Akilowesha kitambaa afute vumbi usoni, akilowesha midomo, basi. Jioni nilirudi na kidumu kile kile, kizito kama kilivyokuja.

Sasa mtoto aliyelelewa na Bibi yangu akimwona mtu hali, hanywi, midomo mikavu, sauti imeshuka, na jioni anakimbilia nyumbani, atafikiri nini? Niliona wazi kabisa kwamba Mwalimu Salome anafunga. Wala si Jumatatu na Alhamisi kama Bibi. Kila siku! Ile haraka yake ya jioni ilikuwa ya kuwahi futari. Nilishangaa kidogo kwamba ni Mkristo, lakini nikajiambia kwamba huko milimani huenda wanafunga wote, maana wako karibu zaidi na mbinguni. Nikawaambia wenzangu. Habari ikaenea darasani kwa minong'ono, na sisi tuliokuwa wapiga kelele tukawa na adabu ya ajabu saa za mchana. Mwenye embe alijificha nalo nyuma ya shule ili mwalimu asilione. Mimi mwenyewe nilijaribu kumuiga. Nilishinda na saumu yangu mpaka uji wa shule ulipoanza kunukia, nikafungua nao.

Kwa Bibi mambo yalikuwa tofauti. Siku za kwanza kidumu kikirudi kimejaa alisema mgeni ana haya. Baadaye akaanza kukipima kwa mkono. Hatimaye akaniuliza.

"Mwalimu wako hanywi haya maji?"

"Anafunga, Bibi."

"Leo?"

"Kila siku."

Bibi alikifungua kidumu. "Mkristo gani anafunga kila siku, na Kwaresima yao haijafika?" Akakimwaga kile kidumu kwenye mche wa mpapai, na mimi nilijua kuna jambo, kwa sababu Bibi hakuwahi kumwaga maji ya kunywa.

Lamboni jambo hilo lilipata miguu. Wanawake wakisubiri zamu ya kuchota, mmoja alisema lililokuwa vifuani mwa wote: mwalimu anatuogopa. Ameambiwa huko kwao, ukienda Handeni usiguse cha Mzigua. Mwingine akasema hata kisamvu alichopelekewa alikigawa. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Nilikuwa pale na kindoo changu, nikataka kupaza sauti nimtetee, lakini kwetu mtoto haingilii mazungumzo ya lamboni. Baada ya hapo nilianza kuona watu wakimwitikia Mwalimu Salome salamu kwa ncha ya ulimi. Mama mmoja aliyekuwa akimwita kila jioni ampe mahindi ya kuchoma, akaanza kugeuza mgongo anapopita. Naye Mwalimu Salome, ambaye hakuambiwa kosa lake, alizidi kutembea haraka.

Kisha Mwalimu Mkuu akatangaza mstarini kwamba Mwalimu Salome ameomba uhamisho, na huenda likizo ikianza akaondoka moja kwa moja. Alilitangaza kama mtu anayesema kesho tuje na fagio. Nilikuwa nimefika kwenye silabi za "mwa" na "nya". Ningerudi kule nyuma kufumbua na kufumba mdomo, na nilijua kabisa, kwa akili yangu ile ndogo, kwamba safari hii sitatoka tena.

Nilimwambia Bibi nikilia. Sikujua kwamba ningeamsha kitu. Asubuhi yake Bibi alivaa kanga zake za kwendea harusini, akajitwika mtungi wenyewe kichwani, kata mkononi, akaniambia, "Twende."

Tulifika watoto wakiwa mapumzikoni. Mwalimu Mkuu alitoka ofisini, "Shikamoo mama," na Bibi akamjibu marahaba na kumpita. Mwalimu Salome alikuwa pale dirishani pake. Alipomwona alikuja mbio kidogo, akapiga goti.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, Bibi. Za nyumbani?"

"Nyumbani ni kwema. Nyumbani kwenu mlimani hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi, nashukuru."

Kwetu hata ugomvi husubiri salamu ziishe. Zilipokwisha, Bibi aliutua mtungi chini katikati ya uwanja, na watoto wote tukasogea.

"Mwanangu, mimi mtu mzima, sipendi mafumbo. Kila siku nakuletea maji. Kila siku yanarudi. Huko kwenu mmeambiwa nini juu yetu?"

"Bibi, hapana, si hivyo…"

"Ngoja kwanza." Bibi alichota kata ikajaa, akainywa yote, akaigeuza juu chini watu waone. "Nimeonja. Mtungi ndio huu, aliyeufukiza ndiye mimi. Sasa na wewe kunywa, watoto waone kwamba bibi yao si mchawi."

Akachota tena, akampa. Mwalimu Salome aliipokea kata, na maji yaliyomwagika yakachora mistari kwenye chaki ya vidole vyake. Aliyatazama yale maji. Siku hizi nikikumbuka uso wake najua ilikuwa kiu, kiu ya mtu aliyetembea tangu alfajiri. Akatutazama sisi watoto, akamtazama Mwalimu Mkuu aliyesimama mlangoni, akautazama ule mkonge. Kisha akainama akamnong'oneza Bibi sikioni, kwa muda mrefu.

Sijawahi kuona hasira ikimtoka mtu namna ile. Mabega ya Bibi yalishuka.

"Tangu alfajiri?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Bibi."

"Mpaka ufike senta?"

Mwalimu Salome alitikisa kichwa kukubali.

"Na zile siku zako?"

"Zile siku siji, Bibi. Ningefanyaje?"

Bibi aliichukua ile kata mkononi mwake taratibu, akayarudisha maji mtungini. "Basi usinywe, mwanangu," akasema. "Leo usinywe. Nisamehe mimi." Nikawageukia wenzangu kwa ushindi mkubwa. Si niliwaambia? Hata Bibi yangu, mjuzi wa saumu, amekubali kwamba mwalimu anafunga.

Bibi akamwendea Mwalimu Mkuu. "Mwalimu, choo chenu walimu kiko wapi?"

"Kilititia masika yaliyopita, mama. Tumeshaomba wilayani, tunasubiri."

"Na wewe ukibanwa unakwenda wapi?"

Macho ya Mwalimu Mkuu yalikwenda kwenye mkonge yenyewe, bila ruhusa yake. Watoto tukaangua kicheko. Hakukasirika. Alisimama pale, na nikaona jambo likimwingia pole pole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Watoto tulikuwa na matundu yetu upande wa pili, yasiyo na milango, yenye foleni na wachunguliaji. Mwalimu mwanamke angekwenda wapi kati ya foleni ile na mkonge ule?

"Mama, hakuniambia," alisema.

"Angekuambiaje, mwanangu? Hata mimi, mwanamke mwenzake, nimemhukumu kabla ya kumuuliza."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini nampa Mwalimu Mkuu haki yake: baada ya siku ile alikilalia. Mchana huo huo alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na jioni ile rimu ya lori iliyotundikwa karibu na ofisi ya kijiji ikagongwa. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wanaume wachimbe shimo, wanawake walete maji ya udongo. Bibi alizipitia nyumba za wote waliosema lamboni, akasimama uani kwa kila mmoja na kusema yale yale: "Tumemsingizia mtoto wa watu. Mimi wa kwanza." Sikumwona akijikunja wala kuona haya. Nilidhani wakati huo kwamba kuomba radhi ni kazi kama ya kupalilia, mtu anaianza upande mmoja wa shamba mpaka aimalize.

Shimo lilichimbwa, fito zikafungwa kwa kamba za mkonge, wanawake wakaja wamejitwika ndoo. Kiangazi kile kile, kutoka lambo lile lile, kila mmoja na maji ambayo yangepika chakula cha siku nzima nyumbani kwake. Yale maji waliyosema ameyakataa wakayafanya udongo wa ukuta wake. Walisiriba huku wakiimba nyimbo za Kizigua ambazo Mwalimu Salome alizifuata nusu kwa Kishambaa chake, wakacheka matamshi yake, naye akacheka, ameingia udongo mpaka kwenye viwiko. Mama wa mahindi ya kuchoma alikuja na kikapu cha mahindi. Mwisho kabisa, mlango ukiwa umeshapigwa misumari, alikuja Mwalimu Mkuu na nyundo na komeo la chuma, akalifunga upande wa ndani. Mkewe alikuwa akisimulia huku akishika kiuno kwa kicheko: ameling'oa kwenye mlango wa chumbani kwao, na sasa wanalala wameegemeza mlango kwa kinu.

Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa mno. Choo nilikijua ni choo, kila nyumba ilikuwa nacho. Ila choo na saumu vinahusiana nini? Nikaona wazee wamekosea, wamemjengea mwalimu kitu ambacho mtu asiyekula wala kunywa ndiye anayekihitaji kidogo kuliko wote.

Siku iliyofuata nilimpelekea kidumu chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akamimina kwenye kikombe cha bati mbele ya darasa zima, akainua kichwa, akanywa. Koo lilipanda na kushuka. Akamimina tena. Jirani yangu wa dawati akanipiga kiwiko, "Si ulisema anafunga?" Nikaangua kilio. Mwalimu wetu mtakatifu amefungua mchana kweupe, na walioyafanya hayo ni Bibi yangu na wanawake wa kijiji. Nililia mpaka Mwalimu Salome akaja kuniuliza kinachoniuma, nikashindwa kusema. Nyumbani nikamlaumu Bibi, "Mmemfunguza mwalimu!" Bibi alicheka hadi akatafuta kigoda. "Ndiyo," alisema akijifuta macho kwa pindo la kanga. "Tumemfuturisha. Alhamdulillahi."

Lakini ule utakatifu nilioulilia ulifutika haraka, kwa sababu kilichokuja badala yake kilikuwa kizuri zaidi. Ile saa ya kwanza ya moto ikawa siku nzima. Mchana, wakati ambapo zamani tulinakili huku tukisinzia, sasa alipita kati ya madawati, anainama, anasikiliza, anarudia. Kumbe alikuwa na sauti ya kuimba! Kumbe alikuwa mtani, anayeweza kuigiza fisi akisoma gazeti mpaka watu wakashika mbavu. Zile homa za kila mwezi zilikwisha. Alianza kubaki jioni na sisi tuliokuwa tukifumbua midomo, akitukalisha kwenye kivuli cha ukuta wa darasa. Alizungumza hata na Mwalimu Mkuu kwa namna mpya, kichwa juu, akidai chaki, akidai mlango wa darasa, na vikaja. Kabla ya hapo nilidhani watu huzaliwa wakiwa walimu wazuri au wabaya, kama wanavyozaliwa warefu au wafupi. Nilikuwa nimemwona mtu yule yule, ualimu wake wote ukifungiwa na kufunguliwa.

Siku niliyosoma ukurasa mzima peke yangu, kutoka neno la kwanza hadi nukta, alinisimamisha juu ya dawati darasa linipigie makofi. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Bibi anaitwa nani?" Nikaenda ubaoni nikaliandika. Uhamisho aliufuta mwenyewe. Tulimaliza darasa la saba akiwapo, na wadogo zetu wakamkuta.

Kile alichomnong'oneza Bibi nilikijua baadaye sana, nilipovunja ungo na Bibi akawa ananifunda. Alikitaja kama somo la kwanza kabisa. "Aliniambia: Bibi, siwaogopi ninyi. Nikinywa, nitakwenda wapi?" Bibi akakaza kanga yake. "Ukikua ukawa na neno lako mahali," akasema, "mtu akikataa maji yako, muulize vizuri."

Na Mwalimu Salome nilikutana naye mara moja ukubwani, pale Mombo, mabasi yakiwa yamesimama abiria wanunue chakula. Alikuwa amenenepa, amestaafu, amevaa sweta. Nilipiga goti pale pale kati ya wauza ndizi. Alinitambua, akanunua maji ya chupa, akanywa huku akinitazama, tukacheka wote wawili mpaka kondakta akatushangaa. Nikamwuliza kama ni kweli alibaki kwa sababu ya choo. "Choo ni shimo na fito, mwanangu," alisema. "Mimi nilibaki kwa ajili ya lile komeo. Nilipojifungia mara ya kwanza nikalisikia likigonga, nilijua kuna mtu kijijini hapa amekaa chini akanifikiria mimi."

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani kwenye ile arobaini, nimeshika kikombe. Nilirudi nyumbani jua halijazama, na simu ikaita. Alikuwa binti yangu Zaina. Ameajiriwa mwaka huu, mwalimu mpya, na kama ilivyo bahati ya ukoo wetu kapangiwa Handeni, ndani huko, upande mwingine na kwetu. Hupiga simu kila wiki. Huwa namwuliza kama anakula, kama nyumba ina chandarua, kama kuna mtu anayemsumbua. Hujibu salama, mama, watoto ni wazuri. Ila siku za karibuni sauti yake imepungua. Amekuwa akisema anafikiria kuomba kuhamia Korogwe mjini, hata Kwamndolwa pembeni ya mji pangemfaa. Wiki iliyotangulia alisema kitu kibaya zaidi, kwamba labda ualimu si wake. Mtoto ambaye tangu utotoni alikuwa akiwafundisha kuku! Nilimwambia avumilie, kazi ni kuzoea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Salama tu." Sauti ilikuwa imekwaruza, ya mtu aliyeshinda juani.

Harufu ya ule mtungi ilikuwa bado iko puani mwangu.

"Zaina," nikamwambia, "huko shuleni, maji unakunywa?"

Nikawa nasikia kuku wa huko wakilia, na mtu akipasua kuni.

"Mama," akasema mwishowe, "nani amekuambia?"

Nikamwuliza wanawake wa kijiji hicho wanachota maji lambo gani, na mtu akitoka Korogwe na basi la asubuhi, anashukia wapi kufika hapo.